118 kwa 118

Meza ni ya mbao, mguu wake mmoja umewekewa kipande cha katoni usiyumbe. Juu yake pana rejista ya maabara, kadi ya stoo na nakala ya ripoti ya mwezi. Watu wawili wametoka kuhesabu vipimo vya haraka vya malaria vya mwezi mzima, mmoja akisoma mstari kwa mstari, mwenzake akipiga vijiti vitano vitano kwenye karatasi. Wamepata 118. Ripoti nayo inasema 118.

118 kwa 118. Iliyohesabiwa gawanya kwa iliyoripotiwa: moja kamili.

Mkufunzi akatia tiki na kutaka waendelee na kipengele kinachofuata. Ndipo mmoja wa wanaofunzwa, muuguzi wa zahanati nyingine huko huko upande wa Nyando, kaunti ya Kisumu, akainua kadi ya stoo.

"Samahani, mwalimu. Kadi inasema yametoka stoo maboksi 7. Boksi lina vipimo 25. Hiyo ni 175. Sasa hii moja kamili inatuambia nini?"

Tofauti ya 57 ilipata maelezo kabla ya jua kutua, nami nitairudia. Swali lenyewe ndilo halikujibiwa. Chai ilikuwa imeingia.

Limenisumbua wiki kadhaa, kwa sababu mafunzo ya kutathmini taarifa za kawaida za afya yana mvuto mkubwa kuelekea ile moja kamili. Ni rahisi kufundisha, ni rahisi kujaza kwenye fomu, na kwenye slaidi ya mwisho inapendeza. Nimeanza kuamini kwamba kinachopaswa kufundishwa kimelala pembeni yake.

## Mahali namba inapobadilika

Sitaeleza kwa kirefu KHIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya wa Kenya. Anayesoma hapa huenda ameshakesha usiku wa tarehe 14 akingoja mtandao utulie aingize ripoti kabla ya tarehe 15. Tangu mwaka 2011, Kenya ilipoueneza nchi nzima mfumo wa kompyuta wa DHIS2, ambao ndio unaoibeba KHIS, njia haijabadilika sana: mgonjwa, rejista, karatasi ya tali (ya kuhesabia kwa vijiti), fomu ya muhtasari wa mwezi, kaunti ndogo, mtandao. Fomu zifike kaunti ndogo kufikia tarehe 5, ziwe zimeingizwa kufikia tarehe 15.

Zoezi la kwanza kwa mtathmini lingekuwa kuitembea njia hiyo na namba moja tu. Tatu au kumi na mbili zingoje. Achukue moja, aikute kwenye rejista, aikute kwenye tali, aikute kwenye muhtasari, aikute kwenye KHIS, na kila kituo aandike: ilikuwa ngapi, nani aliishika, aliishika lini.

Namba huwa na mahali pake pa kuchafukia. Kutoka kwa mgonjwa kwenda rejista, hupotea siku yenye msongamano, muuguzi mmoja na akina mama arobaini kwenye benchi. Kutoka rejista kwenda tali, hupotea pale tali inapojazwa mwisho wa wiki kwa kumbukumbu. Kutoka tali kwenda muhtasari, ni hesabu ya kujumlisha tu, na watu huikosea zaidi ya wanavyokubali. Kutoka muhtasari kwenda KHIS, mstari mmoja hurukwa, na safu nzima inayofuata inashuka hatua moja. Kosa la namna hii lina alama yake: namba zote ni sahihi, ila kila moja imekaa nyumba ya jirani.

Mtathmini anayelinganisha mwanzo na mwisho pekee atasema "haikulingana" na kuondoka. Aliyetembea njia atasema imevunjikia wapi. Hapo ndipo pana la kurekebisha.

## Hudhurio la nne

Chukua jambo linaloonekana jepesi: idadi ya wajawazito waliokamilisha mahudhurio manne ya kliniki. Liko kwenye fomu ya muhtasari wa mwezi, MOH 711, chanzo chake ni rejista ya kliniki ya wajawazito, MOH 405. Hesabu tu, sivyo?

Mama ameanza kliniki Nairobi akaenda mara mbili. Amekuja Ahero kujifungulia kwao. Leo ni mara yake ya kwanza katika zahanati hii, na mara ya tatu katika mimba hii. Andika 1 au 3?

Kitabu chake cha mama na mtoto kinaonyesha mahudhurio mawili ya kwanza. Ukiandika 1, kitaifa amekuwa mimba mbili. Atakaporudi mwezi ujao, ambalo kwa kweli ni hudhurio lake la nne, utaandika 2, na hatahesabiwa popote kuwa amekamilisha. Kosa moja la kalamu limeongeza mwanzo na kupunguza mwisho. Kisha mtu mwingine, ofisini, atashangaa kwa nini akina mama wa tambarare ya Kano, huko Ahero, "wanaacha kliniki katikati".

Kuna na upande wa pili. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza makutano 8, na akina mama wa hudhurio la tano na la sita wapo. Kuna anayewahesabu tena kwenye kisanduku cha nne, kwa kufikiri kwamba "nne" maana yake "nne na kuendelea". Mama mmoja anakamilisha mara tatu.

Njia nzuri ya kufundisha hili haihitaji projekta. Andaa mistari 10 ya rejista ya kubuni, yenye mitego: aliyehamia, wa hudhurio la tano, aliyeandikwa mara mbili siku moja, safu iliyoachwa wazi. Kila mmoja ahesabu peke yake bila kunong'onezana. Majibu yaandikwe ubaoni. Watu ishirini waliosoma, wenye uzoefu wa miaka, watatoa 2, 3, 4 na 5 kutoka mistari ile ile.

Unyamaze kidogo hapo.

Kisha kila mmoja aandike sentensi moja tu: tunamhesabu nani, mwezi upi, kwa ushahidi gani. Hiyo sentensi ndiyo inayobandikwa juu ya karatasi ya kuhesabia kabla rejista haijafunguliwa. Watathmini wawili wenye fasili mbili wakienda kituo kimoja watagombana na rejista isiyo na hatia.

## Anayehesabu asijue jibu

Kasoro moja ya mafunzo haya ni ndogo mno kiasi kwamba haionekani: fomu nyingi za uhakiki huweka safu mbili bega kwa bega, "iliyoripotiwa" na "iliyohesabiwa". Anayehesabu anaiona 47 kabla hajaanza. Akipata 45, anarudia. Akipata 46, anarudia. Akipata 47, anashukuru Mungu na kuacha.

Hakuna aliyedanganya. Ila hesabu ilisimama pale tu ilipokubaliana na ripoti.

Dawa yake ni karatasi mbili. Kiongozi wa timu anakili takwimu za KHIS jioni ya kuamkia ziara na kubaki nazo mfukoni. Wanaohesabu wanapewa karatasi isiyo na namba yoyote. Wawili wanahesabu kila mmoja kivyake, wanaandika kwa kalamu ya wino, wanatia sahihi. Wakitofautiana, wa tatu anahesabu. Ndipo karatasi ya mfukoni inapotoka.

Katika kuhesabu kwenyewe:

Weka rula chini ya mstari unaousoma; rejista hizi ni pana na jicho hushuka mstari mmoja bila kuaga. Andika jumla ya kila ukurasa pembeni, kwenye karatasi yako. Usiweke alama yoyote ndani ya rejista, hata ya penseli. Jumla za kurasa ndizo zitakazokuonyesha tofauti imetokea ukurasa gani, badala ya kuanza upya kurasa thelathini.

Angalia tarehe ya kwanza na ya mwisho. Pale ambapo watu wanaihofia tarehe 5, mwezi hufungwa kimyakimya tarehe 25 au 26, na siku zinazobaki zinasukumwa mwezi unaofuata. Kwa mwaka mzima jumla itakaribiana. Kwa mwezi mmoja haitalingana kamwe, na mtathmini asiyelijua hili ataandika kwamba kituo hakijui kuhesabu.

Uliza, kwa sauti ya kawaida: "Kuna kitabu kingine?" Rejista zikiisha, watu hutumia daftari. Wodi ya uzazi huwa na daftari la usiku. Maeneo ya tambarare ya Kano, mvua kubwa zikishuka na Nyando kufurika, rejista hulowa, na kilichookolewa hunakiliwa kwenye kitabu kipya au hakinakiliwi. Kitabu cha pili hakiletwi mezani kwa sababu hakuna aliyekiomba.

Na kuna chanjo ya malaria. Ilianza Kenya tarehe 13 Septemba 2019 kule Homa Bay, ikahusisha kaunti nane za huku magharibi, Kisumu ikiwemo. Dozi zake ni miezi 6, 7, 9, kisha 24. Hiyo ya nne ndiyo mtego. Mtoto anarudi baada ya mwaka na miezi mitatu, na jina lake liko kwenye rejista ya kudumu ya zamani, MOH 510, pengine kitabu kilichokwisha jaa na kuhifadhiwa kabatini. Muuguzi mwenye bidii analitafuta na kuijaza humo. Mwenye haraka anaandika mstari mpya kwenye kitabu cha sasa. Mtathmini anayepekua kitabu kimoja tu atapata dozi chache kuliko ripoti na atatuhumu upishi wa data, kumbe kosa ni lake la kutofungua kabati.

## Sifuri iliyopotea

Hili nitalipitia upesi kwa kuwa ni la kompyuta, na tayari lina wajuzi.

DHIS2 huhesabu ripoti kuwa imekamilika mtu anapobonyeza kitufe cha kukamilisha. Haihesabu visanduku vilivyojazwa. Fomu tupu iliyobonyezwa kitufe ni ripoti kamili, na ikibonyezwa ndani ya muda ni ripoti ya wakati. Kwa hiyo kaunti ndogo yenye asilimia 100 ya ukamilifu inaweza kuwa na mashimo kila mahali. Tena, sifuri kwa kawaida haihifadhiwi na mfumo isipokuwa kipengele hicho kimewekwa hivyo makusudi. "Hatukupata kifo cha mama" na "hatukujaza" vinafanana kama mapacha.

Mtathmini afundishwe kuuliza maswali mawili tofauti: fomu ilifika? Na ndani yake mlijazwa nini?

## Makosa yanayofutana

Hapa nataka kukaa kidogo.

Tuseme zahanati mbili. Ya kwanza imeripoti 40, rejista ina 30. Ya pili imeripoti 20, rejista ina 30. Jumla iliyoripotiwa ni 60, jumla iliyohesabiwa ni 60. Uwiano wa uhakiki, yaani iliyohesabiwa gawanya kwa iliyoripotiwa, ni 1.00. Kaunti ndogo imepata sifa, na vituo vyake vyote viwili vimekosea.

Ukichukua tofauti bila kujali alama, ni 10 na 10, jumla 20 katika 60. Theluthi nzima. Hesabu hii ya pili inachukua dakika mbili kuifundisha, na bila hiyo jedwali la kaunti ni shuka jeupe juu ya godoro lililotoboka.

Kisha kuna kiwango cha kuvumilia. Wengi hutumia asilimia 10: uwiano ukiwa kati ya 0.90 na 1.10, kituo kimefaulu. Chini ya hapo kiliripoti zaidi, juu ya hapo kiliripoti pungufu. Lakini tazama zahanati iliyoripoti uzazi 5 na rejista ina 4. Uwiano 0.80, imefeli, kwa mama mmoja. Hospitali iliyoripoti 600 na rejista ina 560 inapata 0.93. Imefaulu, na akina mama 40 hawajulikani walikotoka.

Sina tiba ya fomula kwa hili, na namtilia shaka anayedai anayo. Lililo wazi ni kwamba tofauti ghafi iandikwe daima kando ya uwiano, na kwamba rangi nyekundu na kijani kwenye jedwali zisitumike kwa vituo vyenye namba chini ya kumi au kumi na tano. Msimamizi wa zahanati ile akiona nyekundu kwa sababu ya mama mmoja, mwezi ujao hataripoti kwa makini zaidi. Atahakikisha tu kwamba zinafanana.

Na kuzifanya zifanane ni rahisi. Unaanza na ripoti, unamalizia na rejista.

## Wino wa aina moja

Wanaofunzwa hupenda sehemu hii, kwa kuwa ina harufu ya upelelezi. Watazame kurasa: mwandiko mmoja, wino mmoja, tarehe zinazofuatana bila mapengo, shinikizo la damu 120/80 kwa kila mama. Rejista iliyokaa kazini ina doa la gentiani, kona iliyokunjwa, mstari uliokatwa na kuandikwa tena. Rejista iliyopikwa usiku wa kuamkia ziara ni safi kama daftari la siku ya kufungua shule.

Ila zahanati yenye muuguzi mmoja itakuwa na mwandiko mmoja. Kalamu zinazotolewa kwa boksi zina wino mmoja. Na wako wauguzi wasafi kwa asili.

Kwa hiyo dalili hizi ni za kumfanya mtu aulize, hazitoshi kuhukumu. Uulizaji wenyewe unaelekezwa kwenye chanzo kingine kilichoandikwa na mkono mwingine kwa sababu nyingine: kadi ya stoo, kitabu cha maabara, dozi za BCG, chanjo ya kifua kikuu, dhidi ya watoto waliozaliwa, kitabu kilicho mkononi mwa mama mwenyewe. Watu wawili wasiozungumza wakisema jambo moja, hapo pana kitu cha kushika.

Simu zibaki mfukoni. Picha ya ukurasa wa rejista yenye majina na hali za watu, ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp la timu "ili tuhakiki baadaye", inakiuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inamkosea mama aliyetoa jina lake akidhani ni la daktari tu.

## Anayejiamini kwa 90

Zana za PRISM, za kupima utendaji wa mifumo ya taarifa za afya, ambazo mfumo wake wa kufikiri ulielezwa na Aqil, Lippeveld na Hozumi mwaka 2009, husema utendaji wa taarifa hutegemea mambo ya aina tatu: ya kiufundi, ya taasisi na ya kitabia. La kiufundi ndilo tunalokimbilia. Fomu ngumu, mtandao mbovu, kompyuta moja. La kitabia tunalipita haraka, na humo ndimo mna zana ninayoiona kuwa ya thamani kuliko zote.

Inafanya hivi. Mhudumu anajipima kwanza, kutoka 0 hadi 100: una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kupiga asilimia, kuchora mstari wa miezi, kueleza mstari huo unamaanisha nini? Kisha anapewa karatasi nyingine na kuyafanya mambo hayo hayo.

Pengo la kati ya karatasi hizo mbili ndilo matokeo.

Mfano mwepesi: kituo kinalenga watoto 240 kwa mwaka, mwezi huu kimechanja 17. Umefikia asilimia ngapi ya lengo la mwezi? Lengo la mwezi ni 20, kwa hiyo 85. Anayegawanya kwa 240 anapata 7 na kushtuka, au, vibaya zaidi, hashtuki. Kukosea gawio kunaweza kuambatana vizuri kabisa na kujiamini kwa 90.

Zana hii huharibika namna mbili. Ya kwanza, mtathmini anaitoa kama mtihani. Anasimama nyuma ya bega la mtu. Wahudumu wenye miaka ishirini kazini wanarudishwa kuwa watoto wa darasa la nane, na kinachopimwa ni hofu. Ya pili, kituo kizima kinajaza kwa pamoja, mjuzi akisema majibu.

Kabla ya mtathmini kumpa mtu karatasi hiyo, aijaze yeye mwenyewe, mbele ya wenzake, alama zake za kujiamini zikiwa zimeandikwa kwanza. Darasa huwa kimya sana baada ya hapo. Kesho yake, namna wanavyoitoa karatasi hubadilika bila kuambiwa.

## Neno lenyewe

Kwa Kiswahili tuna bahati ya maneno mawili. *Ukaguzi* ni wa watu wa gari jeupe kutoka makao makuu, wenye mafaili. Ukisikia wakaguzi wanakuja unaanza kufagia. *Tathmini* ina upole kidogo, hata kama nayo imeshachoshwa na warsha. Barua ya kutangaza ziara ikitumia neno la kwanza, zoezi limekwisha nusu yake kabla ya kuanza.

Siamini sana ziara za kushtukiza. Zinampata muuguzi peke yake na foleni, inchaji, yaani msimamizi wa kituo, yuko mjini kuchukua dawa, kabati limefungwa na ufunguo uko naye. Tangaza siku, usitangaze vipengele. Usiende siku ya kliniki ya watoto. Watu wasizidi wanne. Chumba cha zahanati hakimezi kumi. Na asitathmini mtu kituo ambacho yeye mwenyewe ndiye anayeingiza ripoti zake: afisa wa rekodi wa Seme aende Nyakach, wa Muhoroni aende Kisumu Magharibi.

Katika kuchagua miezi, mitatu inatosha, ila ujue ilikuwa miezi gani. Mwaka 2017 wauguzi wa umma waligoma tangu Juni hadi Novemba. Mwaka 2024 madaktari walikuwa nje tangu katikati ya Machi hadi Mei. Kushuka kwa namba katika vipindi kama hivyo kunaweza kuwa ndiyo namba sahihi kuliko zote. Ingekuwa ajabu isiposhuka.

Kuhusu mafunzo ya siku tano, msimamo wangu ni mkali na sijapata sababu ya kuulegeza: siku mbili na nusu angalau ziwe mbele ya rejista halisi. Mtu hawezi kufundishwa ukumbini kuhesabu kitabu kinachonuka Dettol, huku mtoto akilia na mlango ukigongwa. Kikao cha kutoa mrejesho kifanyike kituoni, siku ile ile, kabla gari halijawashwa, na jambo la kwanza kusemwa liwe lile ambalo kituo kinalifanya vizuri, kwa kulitaja kwa jina. Lisiwe sifa ya jumla. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na jedwali la vituo bora linalotundikwa ofisi ya kaunti limefanya kazi hiyo hiyo.

## Zile 57

Turudi mezani.

Mwezi ulianza maabara ikiwa haina boksi lililofunguliwa. Stoo ilitoa maboksi 7. Kadi iliandikwa tarehe, idadi, baki. Kwenye safu ya kilipokwenda kulikuwa na neno moja tu, "imetoka", mara saba.

Inchaji alipoulizwa, hakufikiri hata sekunde. "Mawili ni ya wahamasishaji wa jamii, sista. Wanapima huko vijijini." Vipimo 50. Walikuwa wakiripoti kwa simu walizopewa tangu mpango wao uzinduliwe upya mwaka 2023, na muhtasari wa jamii, MOH 515, ulikuwa na vipimo vyao. Vingine walikuwa bado navyo mikobani.

Zikabaki 125 za maabara. Waliopimwa 118. Kitabu cha matumizi ya kila siku kilionyesha 5 ndani ya boksi wazi jioni ya tarehe 31, na 2 vilivyokataa kutoa mstari wa kontroli, ule unaoonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, vikatupwa, mgonjwa akapimwa upya na kuandikwa mara moja.

Zilikwisha zote.

Kwa hiyo 118 ilikuwa kweli, na aliyeshuku alikuwa na haki ya kushuku. Ila ukweli wake haukuwa ndani ya uwiano. Ulikuwa umegawanyika kati ya kitabu cha matumizi, simu za wahamasishaji na kichwa cha inchaji, na hicho cha mwisho hakina nakala. Akihamishwa kwenda Kombewa mwezi ujao, mtathmini atakayefuata atakuta kadi yenye "imetoka" mara saba na hatapata wa kumuuliza. Pendekezo lililoandikiwa kituo lilikuwa moja: kadi ya stoo itaje boksi limekwenda kwa nani. Halihitaji bajeti. Linahitaji neno moja zaidi kwenye mstari.

Katika fomu iliyotumika siku ile, nafasi ya uwiano ilikuwa kisanduku chenye mipaka minene, na nafasi ya maelezo ilikuwa mstari mmoja. Muuguzi aliyeuliza swali aliandika 1.00 kwenye kisanduku. Kisha akaigeuza karatasi, akaanza kuandika nyuma yake, na wenzake walipokwisha kupanda gari alikuwa bado anaandika.